Pumzi za Kitanda cha Tatu

Ilikuwa Jumanne, saa nane na robo mchana, daktari kijana aliposikia mtu akihema nyuma ya pazia la kitanda cha tatu. Alilivuta. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limebadilishwa, lakini mto ulikuwa na bonde dogo katikati.

"Umesikia?" alimwuliza muuguzi.

"Nimesikia tumbo lako, daktari. Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni. Njaa nayo ina makelele yake."

Daktari alicheka kidogo, ila hakuliachia pazia. Mgonjwa wa kitanda kile, fundi cherehani wa makamo, alikuwa ametolewa hapo muda si mrefu. Aliingizwa amejikunja, akitapika, akilalamikia maumivu ya juu ya tumbo yaliyopenya hadi mgongoni, na dada yake akaambiwa asubiri nje. Vipimo vya damu vilithibitisha: kongosho lilikuwa limevimba ghafla. Kilichobaki kilikuwa kupima ukali wake, maana kongosho lililovimba laweza kutulia kwa maji ya dripu na mapumziko, au laweza kuangusha mapafu na figo kabla hakujapambazuka. Moyo wa fundi ulikuwa unakwenda mbio. Hiyo ilikuwa dalili moja ya hatari. Ikipatikana ya pili, mgonjwa hapelekwi wodi ya kawaida. Anabaki mbele ya macho.

Ya pili ingeweza kuwa pumzi. Na pumzi, katika chumba kile cha dharura, hakuna aliyezihesabu. Kuhesabu kunataka usimame dakika nzima ukitazama kifua cha mtu, na nani ana dakika nzima? Kila mmoja aliandika kumi na nane kwa dakika, hesabu ya mtu mzima asiye na tatizo, kama mtu anavyojibu "salama" kabla hajaulizwa hali. Daktari kijana naye aliandika kumi na nane. Fundi akapelekwa wodini.

Kuhema kule hakukukoma. Kulimfuata kwenye sinki, kulimfuata kwenye ngazi, kufupi na kwa haraka, pamoja na harufu ya matapishi na chuma kilicholowa. Akigeuka, hakuna mtu. Zamu ilipoisha jioni, badala ya kwenda nyumbani alijikuta anapanda wodini, akijidanganya kwamba anakwenda kumjulia fundi hali tu.

Dada wa fundi, mama mtu mzima, alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alimwashiria akanyage polepole. Mdogo wake ametulia, alisema, usingizi umemchukua vizuri, hata akiitwa haitiki.

Daktari alikitazama kile kifua akaanza kuhesabu, na alipofika ishirini mshale wa sekunde ulikuwa haujamaliza nusu ya mzunguko, na hapo ndipo alipoona kwamba ukingo wa godoro ulioelekea ukutani, ambako hapakuwa na mtu, ulikuwa umebonyea kama umekaliwa, na kwamba kila fundi alipotoa pumzi ulizidi kuzama, kana kwamba aliyeketi pale anashiba na kuongezeka uzito.

Midomo ya fundi ikatikisika. Sauti haikuwa yake.

"Ulinipa."

"Nilikupa nini?" daktari alinong'ona.

"Zile ambazo hukuhesabu."

"Anaweweseka, maskini," alisema dada yake, akimfuta jasho.

Daktari alimwita muuguzi wa wodi, akaagiza oksijeni, akaagiza chumba cha mahututi kipigiwe simu, na wakati wanakisukuma kitanda kwenye korido yeye alikuwa ameinama juu ya kile kifua akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kila pumzi aliyoitaja ikibaki kwa mwenyewe, huku ile sauti ikimhesabia sikioni ovyo ovyo, saba, arobaini, tatu, ili apotee, naye akashikilia hesabu yake kama mtu anayevuka mto uliofurika kwa kamba moja, akaishikilia usiku kucha kando ya mashine, mpaka ukingo wa godoro ukainuka taratibu na kitu kikasema, bila hasira yoyote, "Basi. Nitahama."

Asubuhi fundi alifumbua macho, akauliza nani anatumia mkasi wake. Daktari bingwa alisema bado ni mgonjwa sana, lakini figo zimeamka, na atapona. Dada yake alitoka hadi koridoni, akamshika daktari kijana mikono yote miwili.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie. Wenzako walimtupa wodini kama mzima, ukarudi wewe peke yako." Machozi yalimlenga. "Niambie, nani alimpima pale mwanzo? Sitaki ugomvi. Nataka nimjue tu."

Kuhema kulikuwa kumekoma tangu alfajiri. Korido ilikuwa kimya, kama chumba kinachosubiri mpangaji.

"Sikumbuki, mama," daktari alisema. "Mchana tunakuwa wengi."

Akajitoa mikononi mwake kwa upole, akaenda kunawa. Maji yalikuwa bado yanatiririka alipoihisi nyuma ya ukosi wa koti lake, ya moto, ndefu, isiyo na haraka tena: pumzi ya mtu aliyefika kwake.