Chupa za Posa za Boadu

Figo za Boadu zilikufa kabla posa yake haijajibiwa. Presha ilizimaliza kimya kimya, na fundi huyu wa springi za malori pale Suame, Kumasi, nchini Ghana, akajikuta kitandani, mpira shingoni, damu yake ikizunguka kwenye mashine ya kuisafisha.

Afriyie, mchumba wake, muuza ndizi, alisimama pembeni.

"Daktari anasema presha yako haijaonja dawa miezi mingi. Vidonge nilivyokununulia vilikwenda wapi?"

Boadu alitazama ukuta.

"Nakuuliza wewe, siyo ukuta!"

"Nilitupa."

"Ulitupa?"

"Jamaa wa gereji walisema vinamaliza nguvu za kiume. Ningekuaibisha usiku wa harusi, Afriyie. Wakanipa dawa ya mizizi, nikawa nakunywa hiyo."

"Kwa hiyo umejiua ili unifurahishe? Nani alikutuma?"

Afriyie alitoka bila kuaga. Jioni ujumbe wa Boadu ukaingia kwenye simu yake:

"Nimewaambia wazee wangu wakachukue zile chupa za posa kwa mjomba wako. Hazijafunguliwa, kwa hiyo hatudaiani. Tafuta mwanamume mzima. Alhamisi nikirudishwa kwenye mashine, usije."

Kulipopambazuka tu, Afriyie alikuwa sebuleni kwa mjomba wake, mzee Nsiah. Chupa mbili za pombe kali zilikuwa juu ya kabati.

"Mjomba, zifungue."

"Mwenyewe anazitaka, mama. Wazee wake wako njiani."

"Ndiyo maana nimewahi. Zikishafunguliwa, jibu ni ndiyo."

"Unaolewa na mtu au na mashine?"

"Na mwongo mmoja mwoga, mjomba. Namjua. Fungua."

Mzee alimkazia macho, kisha akafungua, akamimina kidogo chini kwa ajili ya wahenga. Wazee wa Boadu walipofika walikuta bilauri inazunguka. Na wao wakapewa.

Alhamisi, Afriyie aliweka chupa moja tupu kando ya mashine.

"Hiyo nini?"

"Posa yako. Irudishe kama unaweza."

"Afriyie, mimi nimekwisha..."

"Nyamaza. Bado nina hasira, na haziishi leo. Ukinidanganya tena, hata kwa kidonge kimoja, nakuacha hapo hapo na mipira yako. Umesikia, mume wangu?"

"Nimesikia, mke wangu."

Walioana. Gharama yake ni hii. Figo mbili. Nyundo kubwa, maana mkono wa kushoto wa Boadu, ulioungwa mishipa kwa ajili ya sindano za mashine, haubebi tena kitu kizito. Soko la Jumatatu na la Alhamisi, siku za mashine, ambazo zamani ndizi za Afriyie zilikuwa zinaisha mapema. Maji ya kunywa, ambayo sasa anampimia mumewe kwa kikombe, maana mwili wake hauyatoi tena. Na sherehe: ilifanyika Jumapili mchana, bila ngoma, wageni wakaondoka jua likiwa bado juu, kwa sababu kesho yake alfajiri bwana harusi alitakiwa kwenye mashine.