Ngurumo Kabla ya Tone

Sisi ni wafyatua matofali. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Likifunikwa mapema mno halikauki. Basi kawaida yetu ilikuwa kungoja tone la kwanza, ndipo tukimbilie maturubai.

Mke wangu alipigwa na radi hapo uwanjani, turubai mkononi, kabla hata tone halijaanguka. Wakubwa wa idara ya hali ya hewa walileta rambirambi. Maelezo ya kujikinga na radi hawakuleta, na kumbe walikuwa nayo ofisini siku zote.

Mwaka jana akaja mama mmoja wa kituo cha hali ya hewa, kufunga chombo cha kupima umeme wa mawingu. Nilimwambia amechelewa. Hakubisha. Binti yangu, mfyatuaji mwenzangu, ndiye aliyemganda kwa maswali. Umeme unatoka wapi, na mawingu ni maji tu?

Mama akasema juu kabisa ya wingu kubwa kuna barafu. Chembe nyepesi zinapanda na upepo, punje nzito zinashuka, zinagongana. Zikigongana zinagawana umeme. Ukijaa, unaruka, na unaweza kupiga kilomita kumi kutoka kwenye mvua.

"Kwa hiyo tone si la kungojwa?" nikauliza.

"Ngurumo, mzee wangu. Ukiisikia tu, radi inaweza kukufikia. Ingieni nyumba imara, si kibandani wala chini ya mti. Tokeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho."

"Na matofali atafunika nani, mkurugenzi wako?"

"Huyo hata turubai hajui linashikwaje."

Hapo nikaanza kumsikiliza.

Wiki iliyofuata, jua likiwaka, kukanguruma mbali. Binti yangu alikuwa ameshanyanyua turubai.

"Dakika tano tu, baba. Mvua bado."

"Mama yako alisema hivyo hivyo."

Akaliachia. Tukaingia ghala la mawe, tukafunga mlango, tukachungulia dirishani. Akawa anahesabu tangu mwanga hadi mlio, kama alivyofundishwa, sekunde tatu kwa kila kilomita. Ishirini na moja. Kisha tisa. Kisha mwanga na mlio vikaja pamoja, uwanja ukawa mweupe. Turubai alilolitupa likatoboka, likawa linafuka moshi. Ndipo mvua ikaanza.

Siku hizi tunafunika wingu likianza kujijenga. Ngurumo ikitangulia, tunayaacha matofali, tunaingia ghalani.

Matofali ya siku ile yote yaligeuka tope. Kesho yake tulilikanyaga, tukafyatua upya, mimi na binti yangu.