Asilimia Tisini na Saba

Kibashiri-dola, chombo cha kutabiri mienendo ya mataifa, kilining'inia katikati ya ukumbi, tufe la nuru kubwa kama nyumba, na ndani yake dunia nzima ikitembea: meli, majeshi, mikataba, hata bei ya ngano. Mhandisi Sekela Mwandemange alikijenga kwa miaka kumi na moja na bado alikitazama mdomo wazi. Nani asingeshangaa? Kilikuwa kimesoma vita na mapatano ya miaka mia nne, pamoja na nadharia zote za wasomi: wale wanaosema kila dola huamini nguvu zake tu, na wale wanaosema biashara na mikataba huwatuliza majirani. Hakuna aliyewahi kukiona kikikosea. Mwaka juzi kiliagiza msafara wa kusini upigwe kabla haujavuka mpaka, ukapigwa, na nchi ya Lwande ikalala salama.

Asubuhi hiyo, siku ya kumzika rais mstaafu, tufe likawa jekundu.

"Magari arobaini kutoka nchi jirani ya Mavura," kikasema. "Yamebeba vyuma virefu mia mbili. Redio yao inatukana. Uwezekano wa vita, asilimia tisini na saba. Pigeni kwanza. Zimebaki dakika sita wafike mpakani."

Sauti nene ya redio ikajaa ukumbini: "Nyie waoga wa Lwande, leteni hiyo maiti! Hata kaburi hamjui kuchimba!"

Jenerali Malundi akaweka kidole kwenye kitufe.

"Mungu wangu! Mzee, hao ni watani zetu, wanatutania tu!" Sekela akapiga kelele. "Wanakuja msibani. Hivyo vyuma ni majembe ya kuchimbia kaburi!"

"Chombo chako mwenyewe kinasema vita."

"Kimesoma mabalozi wa Ulaya, hakijawahi kukaa matangani! Nipe kipaza sauti. Adui atanuna, mtani atajibu."

"Ukikosea, watapita kwanza makaburini."

"Najua. Mama yangu yuko huko mazikoni."

Akakishika kipaza sauti. "Nyie walafi wa Mavura! Marehemu hata hajazikwa, mshaanza kunusia pilau?"

Asilimia kwenye tufe ikapanda: tisini na tisa. Redio kimya.

Kisha kicheko kikalipuka, cha watu wengi. "Pilau likikosa nyama, tunaondoka na maiti!" Halafu ile sauti nene ikakatika kwa kilio. "Poleni sana, ndugu zetu. Tunakuja kuchimba."

Ukumbi mzima ukacheka kwa nafuu. Jenerali peke yake hakucheka. Aliondoa kidole kwenye kitufe, akakitazama.

"Wale wa kusini," akasema polepole, "nao walikuwa wanatutukana redioni."

"Walibeba nini, Mzee?"

"Hatukwenda kuangalia. Nilitoa amri nikiwa kwenye matanga ya mke wangu. Alikuwa mtu wa huko kusini. Watani zake niliwasubiri siku tatu, Sekela. Hawakufika."