Fremu Bila Uso

Mama Picha hufungua studio yake saa moja asubuhi. Kwanza hufagia. Kisha hushusha pazia la buluu ambalo watu hukaa mbele yake wakipigwa picha. Kwenye kona, mumewe hupiga randa. Yeye ni seremala, na kazi yake hapo ni kutengeneza fremu. Majirani huwatania: "Nyie hata mkigombana, mchana mtapatana tu. Picha itakwenda wapi bila fremu?"

Kwa miaka kumi Mama Picha alitumia kompyuta moja kubwa. Ilikuwa nzito na goigoi. Ukiiwasha, unamaliza kikombe cha chai kabla haijaamka. Basi siku moja akaja wakala wa kampuni ya kompyuta. Mkononi alishika kisanduku kidogo, kinaenea kiganjani.

"Mama, mambo ya kubeba mizigo yamekwisha," alisema wakala. "Sasa mfumo wote wa kompyuta uko mawinguni. Picha zako, programu zako, kila kitu. Wewe unaunganisha mtandao tu, unafanya kazi."

Seremala aliacha randa. "Mawinguni wapi? Mimi misumari yangu nataka niione kwenye kopo langu."

"Baba watoto, na wewe!" Mama Picha alicheka. "Dunia inakwenda."

Akakinunua kisanduku, na kwa kweli kazi ilikwenda mbio. Kompyuta ya zamani aliifunika gunia, akaiweka stoo.

Mwezi uliofuata alikuja mzee mmoja na mkewe. Mzee huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimwita Mzee Cheche. Mkewe alikuwa mgonjwa, lakini siku hiyo alikuwa amepata nafuu. Hakuwahi kupigwa picha studio maishani mwake.

"Nipige nikiwa nacheka kidogo," alisema. "Nikinuna, watasema huyu mzee alinitesa."

Wote wakacheka. Mama Picha akampiga katikati ya kicheko. Picha ikahifadhiwa kupitia kile kisanduku, ije kuchapwa mzee atakapoifuata. Kadi ya kamera akaifuta, ipate nafasi ya kazi nyingine.

Wiki mbili baadaye yule mama alifariki dunia.

Asubuhi ya mazishi, Mzee Cheche alisimama mlangoni pa studio. Alikuwa amevaa shati jeupe, na vifungo amevikosea.

"Binti yangu," alisema, "nimekuja kumchukua mama yako. Tunamzika saa kumi. Nataka watu wamwone akicheka."

"Pole sana, mzee wangu. Kaa hapa."

Seremala hakusubiri kuambiwa. Alichagua mbao nzuri kuliko zote, akaanza kupima. Mama Picha aliwasha kisanduku. Kwenye kioo yakatokea maneno machache: *Hakuna mtandao. Jaribu tena baadaye.*

Alijaribu tena. Alizima, akawasha. Alijaribu kwa simu, nayo haikushika. Mshonaji wa duka la pili akachungulia dirishani.

"Usihangaike, shoga yangu. Wachimba barabara wamekata waya. Mji mzima hakuna mtandao."

Saa sita ikafika. Saa nane ikafika. Fremu ilikuwa tayari, imepigwa msasa, inang'aa.

"Picha ipo, mzee wangu," alisema Mama Picha. "Haijapotea. Ila siwezi kuifikia."

"Ipo wapi?"

Mama Picha aligeukia meza. Alitazama kisanduku. Alitazama dari. "Sijui," alisema mwishowe.

Saa tisa Mzee Cheche aliinuka. Seremala akamnyooshea fremu kwa mikono miwili.

"Fremu bila uso ni mbao tu, mwanangu," alisema mzee. "Nitunzie." Akaenda kumzika mkewe.

Kesho yake mtandao ulirudi. Picha ikafunguka kama vile hakuna lililotokea. Mama Picha na mumewe waliipeleka msibani, ndani ya fremu yake. Mzee Cheche aliitazama muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya kioo, kwenye shavu la mkewe.

"Asanteni," alisema. Hakumlaumu mtu. Kule kutolaumiwa kulimuuma Mama Picha kuliko matusi.

Jioni ile alimfuata jirani yake, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Alikuwa amekifunga kisanduku ndani ya mfuko.

"Mwalimu, hiki nakitupa jalalani."

"Usikitupe. Kaa kwanza tuelewane. Ulipoambiwa mawinguni, ulielewa nini?"

"Nilielewa hewani."

"Hakuna hewani," alisema Mwalimu. "Ni kompyuta za watu, kubwa sana, ziko kwenye majengo yao mbali. Kisanduku chako ni kama dirisha. Unachungulia kazi yako iliyo kwenye nyumba ya mtu. Mtandao ndio njia ya kufika pale. Njia ikikatika, hufiki. Ukisahau neno la siri, hufiki. Kampuni ikifunga mlango, hufiki pia."

"Kumbe mume wangu alikuwa na haki kuyatilia shaka mawingu."

"Nusu ya haki. Unakumbuka yaliyompata mshonaji jirani yako? Mwaka jana kompyuta yake iliibiwa. Mitindo yake yote alikuwa ameiweka nakala huko huko kwa kampuni. Alinunua kompyuta nyingine, akaikuta yote. Angeweka nyumbani tu, angelia. Wewe umeweka mbali tu, umelia. Kosa ni kuweka mahali pamoja."

Mama Picha aliuweka mfuko chini. Kisha akauliza, "Sasa nifanye nini?"

"Ile kompyuta yako ya zamani iko wapi?"

"Stoo. Chini ya gunia."

Jumamosi Mwalimu alikuja na bisibisi. Alifuta vumbi, akabadilisha diski ya ndani, akaweka mfumo mpya ndani ya kompyuta yenyewe. Sasa iliamka haraka, hata bila mtandao. Kisha wakazishusha ndani yake picha zote zilizokuwa kwa kampuni. Alimwonyesha Mama Picha jinsi ya kuhifadhi kila picha mara tatu. Moja inabaki kwenye kompyuta. Ya pili inakwenda kwenye diski ndogo ya nje, ambayo seremala huibeba nyumbani kila jioni. Ya tatu inakwenda kwa kampuni.

"Na kadi ya kamera?" aliuliza Mama Picha.

"Usiifute mpaka umezifungua nakala na kuona kwa macho yako. Na siku nyingine wakala akija, muulize: mtandao ukikatika nitafanyaje kazi? Nikiondoka, nitachukuaje vitu vyangu? Nani mwingine anaweza kuviona? Akisitasita, na wewe sita."

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja mtandao ulikatika tena. Maduka mengi mtaani yalibandika mlangoni karatasi za "Hakuna mtandao." Mzee Cheche alipita akizisoma moja moja. Alipofika studio alisimama nje, kisha akageuka kuondoka.

"Mzee wangu, ingia!" Mama Picha aliita. "Hapa kazi inaendelea."

"Nilitaka picha nyingine, ndogo, niiweke karakana. Lakini mtandao..."

"Leo hatuuhitaji."

Alifungua kompyuta. Yule mama akatokea kwenye kioo, anacheka kidogo. Printa ikanguruma. Mzee alisimama ameshika mikono nyuma mpaka picha ikatoka yote.

"Binti yangu, na mimi niwekee ile nakala. Ile mnayoiweka kwenye kidude."

"Flashi? Lakini mzee wangu, nyumbani huna kompyuta."

"Najua," alisema Mzee Cheche. "Nataka tu nijue yuko nyumbani."

Mama Picha aliinakili picha, akaifungua kuhakikisha, akaitia flashi ndani ya bahasha ndogo. Mzee akaiweka kwenye mfuko wa shati. Akafunga kifungo, akarudi kazini.