Sentensi Iliyokatwa

Kaseti ya tatu ilikuwa na sauti tatu, na chumbani walikuwa wamekaa watu wawili tu.

Mchapaji alisimamisha mashine, akavua hedifoni, akazipuliza kana kwamba kosa lilikuwa la vumbi. Alikuwa na miaka kumi na minane katika kazi hiyo ya kuandika maneno ya watu kutoka kwenye kaseti, na sifa yake ilikuwa moja: haachi kitu. Mtu akikohoa, aliandika kwamba amekohoa. Kiti kikilia, aliandika kimelia. Mhariri wake alizoea kumtania kuwa mbu akipita karibu na kinasa sauti naye atawekewa mstari wake. Basi siku hiyo aliweka M kwa Mkunga, akaweka H kwa Mhariri, na yule wa tatu hakujua amwekee nini.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha maisha ya wanawake mashuhuri wa kisiwani. Alikuwemo mwalimu wa kwanza wa kike, alikuwemo mama aliyelinda taa ya mnara kwa miaka thelathini, na alikuwemo Mkunga. Huyo Mkunga alikuwa shangazi yake mchapaji, dada wa baba yake. Ndiye aliyemchukua akiwa yatima wa miaka sita, akamlea, akamsomesha, akamwoza. Kisiwa walikihama zamani. Sasa waliishi mjini katika nyumba moja ya chini, shangazi, mchapaji, na mumewe ambaye alikuwa fundi wa majokofu.

Alirudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena. Shangazi alikuwa akieleza nyumba ya kuzalishia: ngazi zake za mawe, kuta zilizopakwa chokaa kila mwaka, na birika la maji ya mvua lililochimbwa chini ya sakafu, ambamo ndoo ilishushwa kwa kamba. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ananaswa, "Miaka arobaini. Na mikononi mwangu hakufa hata mtoto mmoja."

Halafu, karibu na kinasa kuliko wote wawili, sauti ya mwanamke iliuliza taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeuliza saa: "Na wale watatu?"

Hakuna aliyemjibu. Shangazi aliendelea na habari za ngazi.

Mchapaji aliweka mkono tumboni. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na ilikuwa ya nne. Kabla ya hiyo alikuwa amezaa wavulana wawili na msichana mmoja, wote wametimiza miezi yao, wote wamepokewa na mikono ya Shangazi, na hakuna hata mmoja aliyelia. Kwa hiyo hata kabla ya ile sauti, sentensi ya Shangazi ilikuwa imemchoma. Alijituliza kwamba bibi wa watu amewaruka kwa aibu, au kwa huruma. Alikuwa hodari wa kumtafutia Shangazi visingizio.

Alimpigia simu mhariri, akaambiwa mlango ulifungwa na walikuwa wawili tu, labda kaseti iliwahi kutumika. Akampa mumewe asikilize. Mumewe alitega sikio, akasema yeye hasikii mwanamke yeyote, anasikia ndoo ikigonga maji, na mashine inataka mafuta. Kila kitu kwa mumewe kilitaka mafuta.

Lakini tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Ilikuwa mchana, baada ya chakula, wakati mtaa umetulia na hata majirani wenye midomo wamelala, ndipo ilipoanza harufu ya chokaa mbichi, chokaa iliyochanganywa na maji muda si mrefu, katika nyumba ambayo kuta zake zilikuwa na rangi ya mafuta na hazikuguswa kwa miaka mitano. Na nyuma ya harufu ikaja kamba, ikikwaruza jiwe polepole, ikishuka, ikishuka, mpaka ndoo ikagonga maji chini ya vigae vya sebule, mahali ambapo hapakuwa na kisima wala tangi wala kitu chochote ila udongo, na mchapaji akiwa amekaa na miguu yake juu ya vigae hivyo alihisi mtoto tumboni akigeuka, akageuka tena, akatulia kichwa chini, kama anayesikiliza.

Sheria ya kazi yao ilikuwa kwamba hakuna ukurasa unaoingia kitabuni kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya mwenye maisha. Mwenye maisha husikiliza, husahihisha, hukata asichokitaka, kisha husaini chini. Alasiri ya Jumatatu mchapaji aliketi mbele ya shangazi yake na karatasi zake, akasoma kama alivyowasomea wengine wote. Alipofika pale hakupunguza wala hakuongeza.

"'Mikononi mwangu hakufa hata mtoto mmoja,'" alisoma. "Hapa kuna sauti. Inasema, 'Na wale watatu?'"

Kalamu ilimponyoka Shangazi. Chini ya kiti chake kamba ilianza kukwaruza.

"Hiyo usiiandike, mwanangu."

"Nimeshaiandika. Ni nani huyo, Shangazi?"

Bibi alijaribu kuzungusha maneno, akasingizia uchovu, akaomba maji, kisha maji yalipoletwa hakuyagusa. Mwishowe alisema yote huku akiitazama sakafu. Mwaka wake wa kwanza kisiwani watoto saba walimfia mikononi, na wanawake wakaanza kumwita jina baya. Adhuhuri moja alikuwa akiteka maji, na kutoka ndani ya birika mtu akamsemesha kwa upole. Alimwambia hatapoteza mtoto mwingine wa watu. Badala yake atachukua wa nyumba ya mkunga mwenyewe tu.

"Nilicheka," Shangazi alisema. "Sina mume, sina kizazi, nyumba gani? Nikamwambia chukua. Nilidhani nimempunja."

"Halafu?"

"Halafu alingoja. Miaka. Akaanza kuniuliza kila nikiteka maji, nyumba yako iko wapi? Mikono ikaanza kunitetemeka. Wakati huo ndipo baba yako alipofariki."

Mchapaji alielewa kabla hajaambiwa, lakini alitaka kusikia. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutaka neno litoke mdomoni mwa mwenyewe.

"Ulikuja kunichukua ukijua?"

"Nilijua," Shangazi alisema. "Nilikupenda baadaye. Sikupanga kukupenda."

Mchapaji alikumbuka mkono ule wa Shangazi ukimsuka nywele, ukimpima homa, ukimshika bega siku ya harusi, na ukimfunika kila mtoto kwa kitambaa cheupe huku ukimwambia apige moyo konde. Alihisi kuibiwa, si watoto tu, hata ule utoto wake mwenyewe aliodhani alipewa bure.

Mumewe, ambaye siku hiyo hakutaja mafuta hata mara moja, alikwenda kumleta mshona viatu wa karibu na soko. Mzee huyo watu walimjua kwa viatu, na kwa pembeni walimjua kwa kutoa majini. Alisimama mlangoni, akanusa, akakataa kuvuka kizingiti.

"Aliyeingia kwa nguvu namtoa," alisema. "Huyu alikaribishwa. Aliyekubali kwa mdomo ndiye wa kukataa kwa mdomo."

Alieleza kwa sauti ndogo, akiangalia nyuma yake. Jini alikuwa na haki kwa watu wa nyumba ya bibi. Bibi akimtoa binti katika nyumba yake, kwa kauli na kwa mkono wake, haki hiyo inakwisha. Ila jini akikosa wa nyumba atamgeukia mwenye nyumba mwenyewe, na bibi alijue hilo.

Mchapaji hakuhitaji kufundishwa namna ya kufanya. Ukurasa ulikuwepo. Katika kaseti ya tano, mhariri alipouliza kama alijaliwa familia, Shangazi alikuwa amejibu: "Huyu binti ni mwanangu, ndiye nyumba yangu yote." Mchapaji alipoichapa sentensi hiyo wiki iliyopita alikuwa ametokwa na machozi ya furaha. Sasa aliisoma kwa sauti, na ndoo ikasimama katikati ya kushuka, na harufu ya chokaa ikawa nzito hata mumewe akaziba pua, na vigae chini ya kiti vikaanza kutoa jasho, tone baada ya tone, kana kwamba nyumba nzima ilikuwa imewekwa juu ya maji na maji yalikuwa yakisubiri kusikia mwanamke mzee atasema nini.

Shangazi alichukua kalamu. Alikata sentensi kwa mistari miwili. "Sina mtoto," alisema. "Sina nyumba." Mkono ulimtetemeka, lakini alisaini.

Kamba ilikatika, wakaisikia. Vigae vikakauka.

Mchapaji na mumewe walihama jioni ileile, wakapanga upande wa pili wa mji, ghorofa ya tatu, maana alitaka kuwa mbali na ardhi. Hakumuaga shangazi yake. Wiki nne baadaye alijifungua hospitalini, mikononi mwa nesi kijana aliyekuwa akitafuna ubani, na mtoto alilia. Alilia kwa fujo hata nesi akacheka, akasema huyu atakuwa mwanasheria. Msichana. Mchapaji aliomba asinyamazishwe kwanza.

Kwa miezi mitano hawakusikia kitu. Mara mbili alinyanyua simu ampigie Shangazi, mara mbili akairudisha. Chuki ilikuwa imeanza kumchosha. Mwenye kumpenda mtu kwa miaka thelathini na tano hawezi kuacha kwa siku moja, na alijiambia kwamba mwishoni, palipohitajika, bibi alikata.

Kisha kitabu kikaja. Mumewe alikipokea kwa mtu wa kupeleka mizigo, akakifungua, na kwa kuwa mtoto alikuwa analialia kitandani kwake akaanza kumsomea kwa madaha, kwa sauti ya mtangazaji, habari za bibi yake mashuhuri. Mchapaji alikuwa akisoma barua ya mhariri iliyoambatana nacho. Mhariri alishukuru kwa kazi nzuri. Aliandika kwamba sentensi iliyokatwa amefurahi sana kuirudisha, kwani ndiyo nzuri kuliko zote kitabuni. Shangazi mwenyewe alimfuata ofisini kwa miguu kumwomba, akaisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, akasaini upya. *Umwone alivyonawiri,* mhariri aliandika. *Mkono wala hautetemeki.*

Mchapaji aliinua kichwa kumwambia mumewe anyamaze.

"'Huyu binti ni mwanangu,'" mumewe alikuwa akisoma, "'ndiye nyumba yangu yote.'"

Mtoto alinyamaza katikati ya kilio.

Mchapaji aliisikia kamba kabla hajafika kitandani, ikikwaruza jiwe ndani ya ghorofa ambayo haikuwa na jiwe, ikipita nyumba ya chini yao na nyumba ya chini ya hiyo, na akamnyakua mwanawe akamkumbatia, akamwita, akampulizia usoni, akamtikisa kidogo mpaka akahisi kifua chake kikipanda na kushuka. Alikuwa hai. Alikuwa akitazama sakafu kwa utulivu, macho wazi, kama anayesikiliza. Mama yake alimbusu utosini, na nywele zilikuwa zimelowa, na zilinuka chokaa.