Maji Yaliyorudishwa Chupani

Namba zilikataa kutulia. Consolée, mpimaji wa maji ya bomba yanayovutwa kutoka ziwani, alikuwa anakirekebisha kipima chumvi kama kila asubuhi. Alikichovya kwenye maji ya kipimo, yale ya kiwandani ambayo chumvi yake inajulikana. Kilipaswa kusoma 1413. Kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Kifuniko cha chupa ya maji hayo, kingali kimelowa, alikuwa amekitia mfukoni mwa bluzi yake, lile koti la kazi, kama kawaida, maana ukikiweka mezani kinashika uchafu.

Chupa ilinuka matope.

"Muzee Hamimu," akaita kwa sauti ya chini, "haya maji iko na nini?"

Hamimu, mwenzake wa miaka mingi, aliinama akainusa. Maji hayo yakishatumika humwagwa. Hiyo ndiyo sheria. Lakini ilikuwa miaka ya vita na embargo, nchi jirani zimefunga mipaka, na chupa nyingine ingetoka wapi? Basi wajanja wetu wawili wakawa wanayarudisha chupani. Mchezea wembe humkata.

"Jana ulipeleka kipima ku ziwa, kule Ruziba, pale wavuvi wanaogopa kutupa nyavu," Hamimu alinong'ona. "Ulikisuuza?"

"Risasi zililia mulimani. Nilikimbia. Sikusuuza, na jioni nilikichovya mu hii maji, nikayarudisha ku chupa."

Ndipo chupa ikavuta pumzi. Wote wawili waliisikia, pumzi ndefu ya mtu aliyekaa sana chini ya maji, na namba zikaanza kukimbia zenyewe, na harufu ya matope ikajaa chumba hadi koo zikawasha, na kutoka mdomoni mwa chupa sauti nyembamba, yenye upole wa kutisha, ikaita, "Benite... Benite..."

Benite ni binti wa pekee wa Consolée. Alikuwa nyumbani Nyakabiga, na hakuna mtu aliyewahi kulitaja jina lake mle ndani siku ile.

"Hili jini linaita mutoto yangu! Tuitupe hii chupa, Muzee!"

"Na kesho tutapima na nini? Watatufukuza, Mama Benite."

"Wafukuze! Kazi nitatafuta ingine. Mutoto nitatoa wapi?"

Hamimu akasoma Ayatul Kursi, Consolée akashika rozari yake, na chupa ikaenda ziwani ikiwa wazi vilevile. Maji yakatoa mapovu, yakatulia. Waliporudi, kipima kilisoma sifuri, namba zimetulia. Consolée alicheka hadi machozi yakamtoka, kwa furaha tupu.

Alifika nyumbani kabla ya saa za kutotoka nje. Akamkumbatia Benite, akatundika bluzi msumarini, akaenda uani kuwasha makaa. Aliporudi, mtoto alikuwa ameketi chini ya ile bluzi, nywele zake zinatiririka maji, naye ananong'ona na kitu kidogo kiganjani.

Kilikuwa kifuniko.

"Benite," Consolée alisema, "unaongea na nani?"

Mtoto akainua uso, akitabasamu.

"Anasema aksanti, Maman, sababu ulimubeba mu mufuko. Anauliza atalala wapi."