Nani Kalijenga Gari Hili?

Foleni ya vifurushi pale posta ilikuwa imefika mlangoni, lakini siku hiyo hakuna aliyelalamika. Wote walikuwa wakimtazama dada mmoja aliyetoka dirishani ameshika usukani wa gari. Usukani mtupu, mdogo, mweusi, wenye vyuma vitatu vinavyong'aa. Karani alikuwa amelichana boksi ili akague kilichomo, halafu akamkabidhi mwenyewe mzigo bila boksi. Dada alivaa gauni la kijani na viatu vya chini, nywele kazifunga kwa kitambaa, na alitembea shingo juu kama vile kila mtu hutoka posta na usukani mkononi.

"Dada," sauti ikamwita kutoka kwenye foleni, "usukani umeupata, gari umeliacha wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Aliyesema alikuwa kijana mrefu wa shati jeupe, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni kwake, mwenyewe kaisahau.

"Liko nyumbani, linanisubiri," dada akajibu bila kusimama.

"Linakusubiri vipi? Limekunja mikono?"

Hapo akasimama. "Liko vipande vipande. Nalijenga."

"Unalijenga wewe?"

"Kwani hapa unamwona nani mwingine?"

Kijana akaiacha foleni aliyopanga tangu asubuhi, akamfuata mpaka nje. Wapo wanaoleta maua. Mimi mtu aliyeacha nafasi yake kwenye foleni ya posta namheshimu zaidi.

"Hilo gari lina viti?" akauliza, pumzi zikimpanda.

"Bado."

"Basi mimi ni fundi viti. Masofa, viti vya magari, chochote kinachokaliwa. Usinicheke, Usukani. Nashona kwa mkono, hata sindano yangu hii hapa." Kweli akaitoa kwenye mfuko wa shati, na uzi wake.

"Haya, Sindano," dada akasema huku akicheka. "Njoo Jumamosi upime."

Majina hayo ya utani yakawaganda.

Kazi ya Usukani ilikuwa kutengeneza meno ya bandia kwenye kliniki moja ya mjini. Mkono wake ulikuwa mzuri mno, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma. Jino zuri la bandia ni lile ambalo watu hawalijui kuwa ni la bandia. Nusu ya mji ilikuwa ikicheka kwa kazi yake, na hakuna hata mmoja aliyepata kuuliza imefanywa na nani. Ndiyo maana akaagiza lile gari la michezo linalouzwa vipande: chasi, bodi nyekundu ya faiba, boliti kwa vifuko, na kitabu cha maelekezo. Injini alipewa na mjomba wake kutoka kwenye gari lake la zamani. Mjomba hakukosa la kusema.

"Likikushinda niambie, nitakuletea mafundi walimalizie."

"Halitanishinda, mjomba. Nataka siku moja mtu aniulize nani kalijenga, nimjibu ni mimi. Basi."

Gereji yenyewe ilikuwa chumba cha pembeni mwa nyumba ya mama yake, nesi mstaafu, aliyekuwa akianika humo nguo wakati wa mvua. Nguo zilihamishwa. Kamba ikabaki, ikatumika kuning'inizia taa.

Sindano alikuja Jumamosi kupima viti, akarudi Jumapili kupima tena.

"Si ulipima jana, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Shikamoo, mama. Viti vya gari dogo vinataka kurudiwa."

"Marahaba. Hata mimi naona kuna kitu unakirudia."

Mapenzi yakaingia humo humo, katikati ya spana na harufu ya grisi. Siku ambazo hawakuonana, simu ndizo zilizofanya kazi.

"Usukani wangu, umekula?"

"Nina grisi mpaka kwenye nyusi. Nitakula kwa mikono ipi?"

"Nije nikulishe?"

"Njoo, mpenzi. Ila ukifika usiguse kitu."

Breki zilikaa, bodi ikakaa, milango ikafunga kwa mlio mtamu. Nyaya za umeme ndizo zilizomtoa jasho. Alizipanga, akazifunga, akabonyeza starta. Tik, halafu kimya. Akazipanga upya. Tik. Sindano alikuwa akimtazama ameegemeza paji la uso kwenye boneti, na moyo ukimwuma kweli.

"Tumwite mtu?" akauliza siku moja.

"Usinihurumie. Nishikie taa."

Angeshika taa tu, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini kliniki ikampeleka Usukani kwenye semina mji wa mbali, na Sindano aliachiwa ufunguo wa gereji ili alete kiti cha abiria. Akaja na kiti, na akaja na rafiki yake fundi umeme wa magari. Jioni akapiga simu, furaha imemjaa mpaka hawezi kusimama.

"Mpenzi, uko wapi? Kaa chini."

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Sikiliza!"

Akaielekeza simu kwenye injini. Mngurumo ukajaa kwenye chumba cha hoteli alimokuwa Usukani, mzito, mtamu, kama alivyoungoja.

"Umesikia? Limekubali! Rafiki yangu kalimaliza kwa mchana mmoja tu. Kumbe lilikuwa jambo dogo, yaani..."

"Nani kakutuma?"

"Eh?"

"Nimekuuliza, nani kakutuma?"

"Nilitaka kukufurahisha, mpenzi. Gari limewaka!"

"Limewaka, ndiyo. Mimi nilitaka kuliwasha." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Kama nilitaka fundi, mjomba si ananitajia mafundi kila siku? Sasa nikiulizwa nani kalijenga, nitajibu nini?"

Simu ikakatika. Sindano akaizima injini, akasimama na ufunguo mkononi bila kujua auweke wapi.

Usukani aliporudi hakusalimia hata gari lenyewe. Alizing'oa nyaya zote, hata zile alizozifunga kwa mkono wake. Kwenye chasi akakuta mahali palipokwanguliwa rangi, chuma kinang'aa.

"Na gari langu wamelichubua!" akasema kwa uchungu. Akachukua brashi na rangi nyeusi, akapaziba vizuri asibakishe alama ya mtu. Kisha akaanza upya, waya kwa waya, na kitabu cha maelekezo miguuni.

Sindano alipiga simu, haikupokelewa. Alikuja mpaka getini, mama akatoka peke yake.

"Hataki, mwanangu. Nimejaribu."

Akarudi karakana kwake na kinyongo chake. Yeye alikuwa na dada yake kwenye biashara, mshonaji hodari wa mashine, na ndiye aliyekuwa akisikilizishwa wimbo ule ule kutwa: nimemkosea nini, gari si limewaka? Juu ya meza kiti cha dereva kilikuwa kikisubiri, ngozi rangi ya maziwa, uzi mwekundu, kila tundu kwa mkono. Mshono wa mwisho wa ubavuni alikuwa hana moyo wa kuumaliza.

Siku moja alitoka kupeleka sofa kwa mteja. Aliporudi, kiti kilikuwa tayari.

"Nimekumalizia," dada yake akasema, uso umechangamka. "Nimeona huna raha, nikaona nikusaidie."

Sindano akapitisha kidole kwenye mshono. Ulikuwa umenyooka, hauna dosari.

"Nani kakutuma?"

Neno likamtoka, na papo hapo akajua alilisikia wapi. Akavuta stuli, akaketi, akaanza kufumua.

"Unafumua? Mshono wangu una kasoro gani?"

"Hauna kasoro, dada. Si wangu, basi."

Dada yake alitaka kununa, kisha akamtazama vizuri. "Na yule mwenye gari ulimfanyia nini?"

"Hivi hivi," Sindano akajibu, na machozi yakamlengalenga.

Alifika gereji na kiti begani. Usukani alikuwa ndani ya ovaroli la bluu lililokunjwa mikono, hereni ndogo bado ziko masikioni. Hawakusalimiana.

"Sikuja na maneno mengi," Sindano akasema. "Nilidhani nakupa, kumbe nilikuibia. Nisamehe."

Usukani alikiinamia kiti, akakikagua kama anavyokagua meno.

"Huku ubavuni kuna matundu ya ziada."

"Dada yangu alinimalizia. Nikafumua nikashona mwenyewe. Ngozi ikishatobolewa haizibi, utanisamehe na hilo."

Midomo ya Usukani ilitaka kutabasamu, akaizuia. "Kiweke mahali pake. Leo nawasha. Ukitaka kuwepo, simama pale mlangoni, na mdomo ufunge."

Sindano akainama kukifunga kiti, na hapo akauona: waya mnene unaorudisha umeme kwenye chasi umefungwa juu ya rangi mpya nyeusi. Pale pale rafiki yake alipokwangua siku ile, akamweleza kuwa rangi haipitishi umeme, chuma lazima kiguse chuma. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaenda mlangoni.

Tik. Kimya.

Tik.

Mama akaja na kikombe cha chai, akasimama ubavuni kwa Sindano. "Unajua kasoro iko wapi?" akanong'ona.

"Najua, mama."

"Sasa si umwambie mwenzio, asiumie!"

"Nikimwambia nitakuwa nimemwibia mara ya pili."

Mama akamtazama kuanzia viatu mpaka tepu ya shingoni. Kikombe kile kilikuwa cha binti yake, lakini akakitia mkononi mwa Sindano. "Kunywa, baba. Una kazi ngumu kuliko ya yule."

Ndani, Usukani alikuwa akipima waya mmoja mmoja kwa taa yake ndogo ya kupimia umeme. Alipima betri. Alipima swichi. Akalala chali chini ya gari, miguu tu ikionekana, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha kicheko kikatoka chini ya chasi.

"Mama! Ni mimi! Nimepaka rangi mimi mwenyewe!"

Akatoa mfukoni tupa ndogo anayosugulia meno kliniki, akaikwangua rangi yake mpaka chuma kikang'aa, akakaza boliti. Akaketi kwenye kiti chenye uzi mwekundu na kubonyeza. Injini ikanguruma mpaka taa ikacheza kwenye kamba.

Alitoka mbio, machozi na grisi vimechanganyika usoni. "Nimeliwasha!"

"Nimesikia!"

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu naweka kiti."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikaribia kufa."

Akamkumbatia hapo hapo, mbele ya mama, na shati jeupe likaharibika moja kwa moja. Sindano hakujali, alikuwa akijivunia mwanamke wake.

Siku ya ukaguzi, uwanja ulijaa magari, na madereva wakaacha yao kuja kulitazama lile jekundu lisilo na paa. Usukani alivaa gauni lile la kijani la posta. Mkaguzi, mzee wa miwani, akalizunguka, akapiga magoti, akainuka. Akamgeukia Sindano.

"Nani kalijenga gari hili?"

Sindano akamwonyesha kwa kidevu.

"Ni mimi," Usukani akasema.

Mkaguzi akaitazama mikono yake. "Lote?"

"Lote, mzee. Kila boliti na kila waya. Isipokuwa viti."

"Viti vizuri. Kashona nani?"

"Mume wangu."

Sindano akageuka nyuma kumtafuta huyo mume.

"Ni huyu?" mkaguzi akauliza.

"Huyo huyo."

"Mbona kama ndiyo kwanza anasikia?"

"Ndiyo kwanza anasikia, mzee."

Madereva wakapiga makofi. Mkaguzi akavua miwani. "Kijana, sema basi, watu wana foleni."

"Viti nimeshona mimi," Sindano akasema. "Na hilo lingine, ndiyo. Ndiyo kabisa."

Stika ikabandikwa kwenye kioo. Usukani akaketi, akaushika usukani ule ule wa posta, akaliwasha. Sindano akapanda upande wa abiria, akaweka mikono magotini, na njia nzima hakugusa kitu.